Kutoelewana Kidogo Nyumbani

Sumaya na Diane,

Mmeniomba mara tatu niwaandikie kazi ilikuwaje kabla yenu, kwa hiyo siwezi tena kujidanganya kwamba mlikuwa mnanionyesha adabu tu. Nimekaa kwenye kile kiti chenye mguu wa waya kwa miaka ishirini na minane. Daktari wa macho ameniambia kwamba naona vizuri kwa urefu wa mkono wangu, na kuanzia hapo nakisia. Nilimjibu kwamba nawajua wakuu kadhaa wasioona hata urefu huo na hakuna aliyewastaafisha. Hakucheka. Alikuwa kijana mwenye mkataba wa muda.

Habari za mshahara sitaandika, maana mtanionea huruma. Habari za vyeo pia sina, kwa sababu katika duka la watu wawili unapanda cheo mwenzako akifa. Nitawaandikia kuhusu mashine, kuhusu Mzee Rajabu, na kuhusu barua moja niliyoichapa vizuri kupita zote, na ndiyo ninayoijutia. Barua zenyewe zilikuwa za Kinyarwanda, kama zenu. Hapa nazileta kwa Kiswahili cha mtaani kwetu Rwezamenyo, kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa kugombana.

Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uleule, siku chache baada ya kumzaa Zainabu. Nikabaki na wadogo watatu: Isa, Hamza na huyo mchanga. Niliwafulia watu nguo, nikauza mihogo, nikafagia uwanja wa msikiti. Miaka iliyofuata mnaijua ilivyokuwa hapa nchini, na siiandiki. Nilipofikisha ishirini na nne nilisikia kwamba Mzee Rajabu wa duka la taipu anatafuta mtu. Nilikwenda Jumatatu asubuhi, Zainabu akiwa na miaka kumi amenishika gauni, maana siku hiyo hakuwa na viatu vya kwendea shule.

Mzee Rajabu alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja na misafara kutoka pwani akasahau kurudi. Aliniangalia juu ya miwani.

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Kuandika?"

"Kidogo."

"Kunyamaza?"

Nikanyamaza.

"Basi umepata kazi," akasema. "Na huyu mdogo akae kwenye benchi, asiguse wino."

Mashine yetu ilikuwa ya chuma, imepangwa herufi zake Kifaransa, na herufi ya A imefutika kabisa kwa sababu ya kuguswa. E ilipiga nusu, nusu iliyobaki tukaijazia kwa kalamu. Mnalalamika printa ikigoma dakika tano. Mimi nilibadilisha utepe wa wino kwa mikono, nikala chakula na vidole vyeusi, na bado wateja walidhani ni hina. Kulikuwa na karatasi za kaboni za nakala, na kulikuwa na kichupa cha blanko, ule wino mweupe wa kufutia makosa. Mzee aliutumia kwa uchoyo. Alisema mchapaji hodari chupa moja inamtosha mwaka mzima.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja na hakuubadilisha hata siku moja. Mteja anakaa kwenye benchi anaeleza shida yake. Wewe unaandika kwa penseli maneno anayosema, kama anavyosema, na kilio chake na matusi yake. Hiyo ni rasimu. Akishatoka kwenda kunywa chai, unakaa na rasimu unaitengeneza kuwa barua. Barua inachapwa mara mbili. Moja anachukua mteja, nyingine inabaki, imebanwa kwa pini pamoja na rasimu ya penseli, inawekwa kwenye katoni ya sabuni. Katoni zilipanda mpaka darini. Nilipomuuliza anatunza rasimu za nini, alisema zamani alifanya kazi kwa bwana mmoja aliyekana kila alichowahi kusema, na tangu hapo hamwamini mtu asiyemwandika.

Kutengeneza ndiko kulikokuwa ufundi. Mstari wa kwanza unasema sababu ya barua. Kisha unamshukuru mkubwa kwa kazi nzuri anayofanya, hata kama hujawahi kuiona. Kisha shida, kwa ufupi. Kisha unamshukuru kwa jibu lake zuri ambalo bado hajalitoa. "Mkubwa akiudhika kwenye mstari wa nne, hafiki wa tano," Mzee alinifundisha. "Kazi yetu ni kumfikisha wa mwisho."

Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu, amelijaza misemo. Ukifungua ukurasa wa ardhi unakuta misemo ya ardhi, wa kodi unakuta ya kodi. Ukurasa wa kina mama walioolewa ulikuwa mfupi kuliko yote, kwa sababu mambo yao yalionekana kuwa ni jambo moja tu. Mama akisema mume amempiga kofi, tuliandika "kutoelewana kidogo nyumbani." Akisema amepigwa mateke akiwa mjamzito, tuliandika "kutoelewana nyumbani." Kwa meno yaliyong'oka kulikuwa na "kutoelewana kwa muda mrefu." Nguo zilizochomwa zilikuwa "upotevu wa baadhi ya vifaa." Kwa miaka mingi niliiona ni kazi safi. Nilijivunia hata. Mama alikuja amevimba jicho, akaondoka na barua isiyo na hata doa.

Wanaume hatukuwatengenezea. Hilo nililigundua nikiwa nimeshachelewa. Alikuja baba mmoja wa Muhima, mwenye duka la vipuri, akataka mkewe ashtakiwe kwa sababu amempa chakula cha baridi mara mbili na mara ya tatu akamwambia moto uko wapi. Nikaandika "kutoelewana kidogo nyumbani." Akaisoma, akanirudishia.

"Hapana, mama. Hapa andika dharau. D kubwa. Weka na mstari chini yake."

Mzee aliweka mistari miwili, bure.

Na baba huyo alisikilizwa. Mkewe aliitwa, akakalishwa, akafundishwa namna ya kupasha moto maharage mbele ya wazee watano, ambao sidhani kama mmoja wao amewahi kuwasha jiko.

Wakati huo kulikuwa na kampeni pia. Kila mwisho wa mwaka zilikuja fulana nyeupe zenye maandishi ya kupinga ukatili, zikagawiwa kwa kila aliyehudhuria mkutano, na waliohudhuria kwa wingi walikuwa waume, kwa sababu wake walikuwa kazini. Nilimchapia mama mmoja barua, kwenye rasimu yake amesema: "Alikuwa amevaa ile fulana wakati ananipiga, nikawa naisoma." Kwenye barua niliiondoa fulana. Mzee alisema itawaudhi walioinunua.

Sasa nafika kwenye ile barua.

Zainabu, yule wa benchi, alikua, akajifunza ushonaji, akawa na cherehani yake na wateja wake wa sare za shule. Aliolewa na Shabani, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwenye maneno matamu na shati lililonyooka. Nikah ilifungwa msikitini, tukala pilau. Ndoa ya kwenye ofisi ya sekta, ile inayotambuliwa na sheria, Shabani alisema wataifanya mwezi ujao. Mwezi ujao ulidumu miaka sita. Katikati walinunua kiwanja Masaka, pembeni mwa mji, kwa pesa za cherehani na za vyuma, wakajenga, wakapata watoto wawili. Hati ya ardhi ilipotoka ilikuwa na jina moja, na mbele ya jina hilo imeandikwa kwamba mwenye kiwanja ni mseja. Nilimwuliza Zainabu ameionaje. Alisema, "Dada, nimeishi na mseja, nimemzalia mseja, na leo asubuhi nimempigia mseja pasi."

Tulicheka. Ilikuwa ni mara yetu ya mwisho kucheka juu ya Shabani kwa muda.

Zainabu alikuja dukani siku ya Jumanne, akakaa kwenye benchi palepale. Wakati huo tulishakuwa na kompyuta, lakini Mzee alikataa kuachana na penseli na pini. Nikachukua penseli. Zainabu akaeleza kwamba Shabani amempiga makofi mbele ya watoto, amemfungia nje kwenye mvua mpaka jirani akamfungulia, na amesema kwamba siku atakapopeleka habari kwa dada yake atamwonyesha mkono wa mwanaume. Niliyaandika yote. Nilikuwa naandika vizuri, herufi zimelala upande mmoja.

Akaenda kunywa chai. Nami nikakaa na rasimu, nikafanya kazi yangu. Mkuu wa kijiji chao, mnielewe, alikuwa rafiki wa Shabani, na nilitaka afike mstari wa mwisho. Zainabu aliporudi nilimpa barua. Ilisema kwamba kumekuwa na kutoelewana kidogo nyumbani kati ya pande mbili, na kwamba tunamshukuru mkuu kwa busara zake.

Aliisoma mara mbili.

"Dada, mimi hapa simo."

"Ndivyo barua zinavyoandikwa."

"Na yeye pia hayumo."

"Zainabu, mimi kazi hii naijua. Weka sahihi."

Akaweka. Mimi ndiye niliyemlea, hakuwa na desturi ya kunikatalia.

Mkuu alifika mstari wa mwisho, hilo nakiri. Aliwaita wote wawili, akawahutubia kwa muda wa kutosha kupika maharage mabichi, kisha akawaandikisha mapatano. Shabani aliahidi kuwa na subira. Zainabu aliahidi kupunguza maneno. Ahadi moja moja, kila upande, ili mizani isiegemee. Barua yangu ilibandikwa juu ya mapatano hayo, na mkuu akaniletea salamu kwamba haijawahi kuletwa kwake barua iliyopangwa vizuri kama ile.

Miezi saba baadaye Zainabu alishuka kwenye pikipiki mbele ya duka akitokea Masaka, na hakuvua kofia ya abiria. Nilimwambia aivue, mwenyewe anaingoja. Mwenye pikipiki alitazama chini, akasema, "Mama, hawezi. Iko na mkono mmoja tu." Akamvua yeye mwenyewe, polepole, kama mtu anayetoa sufuria motoni bila kitambaa. Mkono wake wa kushoto uliumia na uso ulikuwa umevimba. Watoto walikuwa kwa jirani, wakaletwa baadaye.

Tulianza hospitali. Wakamfunga plasta, wakatupa karatasi ya daktari. Kisha tukaenda kwenye ofisi moja, ambayo siitaji kwa sababu aliyekuwa pale ameshahamishwa na waliobaki hawana kosa. Bwana yule alitusikiliza, akafungua faili iliyotoka kijijini, akatoa barua yangu. Aliiweka mezani akaigeuza ituelekee, kama mwalimu anayekurudishia mtihani.

"Mama, hapa mwenyewe umesema ni kutoelewana kidogo. Kidogo. Na sahihi yako hii. Leo kimekuwa kikubwa?"

Zainabu hakunitazama. Ingekuwa afadhali anitazame.

"Na tena mlipatana," yule bwana akaendelea. "Uliahidi kupunguza maneno. Umepunguza?"

"Sasa hivi hata kutafuna siwezi," Zainabu akasema. "Nadhani nimepunguza."

Akatuambia turudi na wazee wa familia. Tulipokuwa mlangoni akauliza ni nani aliyechapa ile barua, ana kazi yake ya kuchapisha.

Jumapili mchana wakaja kumrudisha. Mnajua desturi: mke akipigwa anakimbilia kwao, na mume anamfuata na wazee na vinywaji kuomba msamaha na kumchukua. Wengine huleta bia, sisi wa Rwezamenyo ni kreti za fanta. Desturi hiyo iliwekwa na watu wenye kwao. Kwetu palikuwa vyumba vyangu viwili, na mlangoni walipopiga hodi niliyetoka ni mimi, na taulo begani.

Walikuwa sita na kreti nne. Msemaji wao alikuwa mtu wa kukodiwa, wale wanaosimama kwenye harusi kuongea kwa niaba ya familia. Suti yake ilikuwa na kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Alichungulia nyuma yangu.

"Tunaomba kuonana na mkuu wa nyumba hii."

"Mnaonana naye."

"Namaanisha wanaume."

"Isa yuko Kampala. Hamza yupo, lakini anapika, hapendi kusumbuliwa."

Wakaingia. Msemaji akasimama, akaanza kwa sauti ya harusini kwamba wao ni wafugaji, wamempoteza ng'ombe wao mpendwa, wamefuata nyayo zake, na nyayo zimeishia kwenye boma hili tukufu. Boma lenyewe lilikuwa na stuli tatu. Nilimwacha amalize, maana amelipwa, kisha nikamwambia hapa hatujapokea ng'ombe. Tumempokea mtu mwenye plasta.

Hamza akacheka jikoni.

Sasa, Mzee aliponunua kompyuta alinipa ile mashine ya zamani nikae nayo nyumbani. Niliivuta nikaiweka mezani katikati ya chupa za fanta, nikatia karatasi.

"Nimekubali kusikiliza ombi lenu," nikasema. "Ila mimi nasikiliza kwa vidole. Shabani, eleza unachoombea msamaha. Nachapa, unatia sahihi, wazee wako wanashuhudia. Kisha Zainabu ataamua."

Shabani alikuwa mtulivu, shati limenyooka. Sijui nani alipiga pasi. "Andika, shemeji, kwamba tulikosana."

"Huo msemo ni wangu," nikamwambia. "Nimeuuza miaka mingi, najua thamani yake. Taja jambo."

"Kwamba kulikuwa na hasira."

"Za nani?"

"Da Mwamini," msemaji akaingilia, akasahau ng'ombe, "mambo ya ndani hayaandikwi. Karatasi inavunja undugu. Tutamwapisha msikitini. Tutaongeza kreti."

Zainabu alikuwa amekaa kwenye mkeka akimnyonyesha mdogo, plasta imelazwa kwenye mto. Akasema bila kunyanyua sauti: "Ulinipiga kwa komeo la mlango ukanivunja mkono. Mwanao Umar alikuwa anaangalia. Sema hivyo, nikusikie, nitarudi leo."

Sote tukamgeukia. Hata mimi sikujua kwamba angesema angerudi, na niliogopa, kwa sababu yule mwanaume alikuwa anahitaji sentensi mbili tu apate kila alichokijia.

Nilingoja, vidole juu ya herufi. Mzee mmoja katika wale sita, baba yake mdogo Shabani, akamgusa goti. "Sema tu, mwanangu. Sote tunajua." Shabani aliangalia mashine. Alikuwa tayari kuleta kreti sita, kuapa, hata kulia kidogo, naamini. Lakini kile alichokifanya kwa mkono wake hakuweza kukiona kwenye karatasi na jina lake chini.

"Mke wangu ameharibiwa na barua," akasema, akainuka.

Wakaondoka, na kreti wakabeba. Zilitoka tatu. Ya nne Hamza alikuwa ameiweka nyuma ya pazia tangu mwanzo wa hotuba.

Zainabu akasogea karibu na meza. "Acha karatasi humohumo. Sasa naandikisha mimi." Akaanza kutaja, tarehe kwa tarehe, komeo, mvua, watoto. Nikachapa. Nilipofika kwenye yale makofi ya kwanza, vidole vyangu vilitua. Naapa sikuviambia. Vilikuwa vinaelekea pale vilipozoea.

"Dada," akasema. "Unachapa au unatengeneza?"

Nikachapa.

Barua hiyo tuliipeleka moja kwa moja kwa wapelelezi, siku iliyofuata. Lakini faili ilikuwa na barua mbili, na zilipingana. Mwanasheria wa Shabani angeuliza tuamini ipi, na ile ya kwanza ilikuwa na sahihi, mapatano na sifa za mkuu. Nilimwambia Mzee Rajabu kwamba nitakwenda kueleza kuwa maneno ya ile ya kwanza ni yangu. Alivua miwani.

"Ukisema hivyo, binti, watasema duka hili linapika barua za watu. Nani atakaa tena kwenye benchi?"

"Ni kweli tunazipika, Mzee."

"Tunazifikisha."

"Hii imefika," nikasema. "Imefika pabaya."

Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na njia nzima nilikuwa nahesabu nyumba nitakazokwenda kuomba kufua tena.

Mpelelezi alikuwa mama kijana, nywele zimekatwa fupi, anaandika haraka. Akaniwekea ile barua mbele.

"Maneno haya ni ya nani?"

"Yangu. Yeye aliniambia mengine."

"Kwa nini uliyabadilisha?"

"Ili mkubwa asiudhike."

Akaandika. "Umewahi kuwafanyia wengine hivi?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Kila mama aliyekaa kwenye benchi letu."

Kalamu yake ikasimama. Mlangoni kukasikika mtu anabishana na askari kuhusu katoni. Alikuwa Mzee Rajabu, amevaa koti lake la Idi, katoni ya sabuni kifuani. Aliiweka sakafuni, akapekua kwa vidole vyake viwili vya kuchapia, akatoa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini.

"Hii ya penseli ndiyo aliyosema. Tarehe iko juu, mwandiko ni wa huyu. Hii nyingine ndiyo tuliyoandika." Akapumua. "Kazi hii ya pili amefundishwa na mimi. Muandike na mimi."

Mpelelezi alisoma ile ya penseli mpaka mwisho. Makofi, mvua, mkono wa mwanaume. Akagonga muhuri juu yake. Mzee akamwambia ameugonga upande.

Yaliyofuata nafupisha. Shabani alihukumiwa, akafungwa, akatoka, sasa anachomelea vyuma mji mwingine. Kesi ya kiwanja ilichukua muda zaidi, lakini rasimu zetu nyingine zilionyesha nani alichapisha mkataba wa mafundi waliojenga ile nyumba na kwa jina la nani, na leo hati ile ina jina la Zainabu. Hajaolewa tena. Anasema yeye sasa ndiye mseja.

Benchi halikukauka. Wateja wanaume wa mistari miwili walipungua, wakaenda kwa mchapaji wa upande wa pili wa barabara ambaye, nimeambiwa, anaweka mitatu. Kina mama waliongezeka, baadhi wakiomba rasimu zao za zamani. Mzee aliwatafutia kila mmoja, darini, mpaka mgongo ukamshinda. Alifariki miaka minne baadaye, na ndipo nilipopanda cheo. Lile daftari la bluu mnalijua: ndilo lililo chini ya mguu wa kabati. Msilitoe, kabati litaanguka.

Ninyi hamna daftari. Mna fomu za kwenye mtandao, na mlango wa kuingilia ni kisanduku kinachouliza aina ya shida, na humo ndani, kati ya machaguo, kuna "mgogoro wa kifamilia." Mtu fulani mwenye shahada ameketi ofisini akaandika upya ukurasa wa Mzee Rajabu, na sidhani kama ana katoni. Kwa hiyo msibonyeze pale. Teremkeni mpaka "mengineyo", andikeni alichosema. Kisha msomeeni kabla ya kutuma, kwa sauti, mkimtazama. Akisema "mimi hapa simo", futeni mwanze upya. Na penseli iendelee, hata mkicheka.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Zainabu amekuja kunichukua twende Masaka, amesoma karatasi hizi akiwa amesimama, kofia ya pikipiki kwenye kiwiko. Amerudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole.

"Dada. Hapa nilipokuja na pikipiki. Umeandika 'mkono wake wa kushoto uliumia'."

"Uliumia."

"Haukuumia wenyewe. Aliuvunja."

Nilitaka kufuta. Amenizuia, amesema niache kama ilivyo, ili mwone mkono uliozoea unavyofanya kazi hata ukishastaafu. Basi rudini pale juu, chukueni penseli, mkate, mwandike juu yake: Shabani alimvunja mkono wa kushoto, kwa komeo la mlango, na mtoto akiangalia.